Tuambieni Karatasi Zote kwa Mara Moja: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Huduma Ndogo za Fedha

Sahare, Tanga
Septemba

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya kusimamia huduma ndogo za fedha nchini

Waheshimiwa,

YAH: KARATASI ANAZODAIWA MWOMBAJI WA NAFUU YA MUDA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, hapa Sahare. Nilifundisha shule ya msingi miaka 31, nikastaafu, na wenzangu wakanipa kalamu ya kikundi kwa sababu hiyo. Wengi wetu tunaishi kwa samaki. Wapo wanaonunua dagaa mwaloni alfajiri na kuwaanika, wapo wakaangaji, wapo wanaopeleka ngonda, yaani samaki wakavu, hadi Muheza na Korogwe. Wachache wana vibanda vyao Ngamiani.

Tangu Februari nimeandika barua tatu kwa njia ya kawaida, kuomba kikundi chetu, kilichozidi idadi ya wanachama inayoruhusiwa, kivumiliwe hadi Desemba. Zote nimezipeleka kwa mkono wangu masijala, na nakala zangu zina muhuri wa kupokelewa. Hakuna iliyojibiwa kwa maandishi. Ndiyo maana leo nawaandikia mbele ya watu. Sitaitaja ofisi wala ofisa kwa jina, maana sina nia ya kumwaibisha kijana aliyekaa dirishani akifanya alivyoelekezwa. Ninachokilalamikia ni utaratibu, na utaratibu una wenyewe, ndio ninyi.

Naomba kwanza mjue tulikotoka.

Kikundi kilianza mwaka 2012, tukiwa 18, na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti, ili sanduku lisifunguke ila mbele ya kikao. Tunakutana mara mbili kwa mwezi, na kikao kikubwa tunakiweka siku za mbalamwezi, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu vyombo hukaa ufukweni na sisi tunapata nafasi ya kukaa kitako. Kila mwanachama ananunua hisa, anakopa kwa kudhaminiwa na wenzake wawili, na mwisho wa mwaka tunagawana. Pembeni upo mfuko wa jamii, kwa ajili ya uzazi, maradhi na misiba.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, Na. 10 ya mwaka 2018, ilipoanza kutumika Novemba 2019, sisi tulifurahi. Kabla ya hapo tulijiona hatuna pa kumshtaki mtunza fedha akitoroka na sanduku. Sheria ile ilitupa nafasi: ikapanga madaraja manne, benki na taasisi nyingine zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo (SACCOS), na daraja la nne ndilo letu, vikundi vya kijamii. Kanuni za mwaka 2019 zikasema kikundi cha daraja hilo kisiwe na watu chini ya 10 wala zaidi ya 50. Tulijisajili tukiwa 47.

Baadaye watu wakaongezeka. Mwanamke anakuja na mtoto mgongoni, amechukuliwa godoro na wakopeshaji wa kausha damu, anaomba aingie. Nani atamfungia mlango? Tukamwingiza, akaja na shoga yake, naye akaja na wifi yake. Mwaka huu Januari nilipokuwa nakagua vijitabu vya wanachama nikakuta tuko 63. Kosa ni letu. Nalikiri hapa kama nilivyolikiri kwenye barua ya kwanza, tena naomba mtambue kwamba hakuna mkaguzi aliyetukamata. Tulijiona wenyewe, tukajipeleka wenyewe.

Tulichoomba ni kidogo. Tuliomba turuhusiwe kubaki pamoja hadi mzunguko wa mwaka huu ufungwe, wiki ya pili ya Desemba. Hapo tutagawana hisa, mikopo yote ikiwa imerudi, kisha tutazaa vikundi viwili na kila kimoja kitajisajili upya. Kugawanyika katikati ya mzunguko kungemwacha mkopaji kikundi hiki na mdhamini wake kikundi kile, na faida ya mkopo uliotolewa na watu wote ingegombewa na masanduku mawili. Ombi lenyewe ni la ukurasa mmoja na nusu. Tulilipeleka tarehe 12 Februari. Leo ni Septemba, nimekwenda ofisini mara 11, na sijui kama tumekubaliwa au tumekataliwa.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Hakuna orodha. Kila safari inazaa karatasi mpya.

Mara ya kwanza niliambiwa niambatishe katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao kilichopitisha ombi. Ni haki, nikaenda kuvileta. Mara ya pili nikaambiwa inatakiwa barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa. Nikaileta. Mara ya tatu, vitambulisho vya Taifa vya wanachama wote, kila kopi iwe na muhuri wa wakili. Mara ya nne, taarifa ya akaunti ya benki. Mara ya tano, muhtasari ule ule uandikwe upya kwa sababu mahudhurio yalikuwa nyuma ya karatasi badala ya kuwa kiambatisho. Mara ya sita nilimkuta ofisa mwingine, yule wa kwanza kahamishwa, naye akaanza moja.

Nilimuuliza yule kijana, kwa upole, “Mwanangu, haya yameandikwa wapi, niyasome yote nikamalize?” Akanijibu, “Mama, ndivyo tunavyofanya.” Hakunifokea. Aliniona mtu mzima, akanipa kiti. Lakini hakuwa na karatasi ya kunionyesha, na nadhani naye hajawahi kuonyeshwa.

Vitambulisho pekee vilitugharimu hivi: tulipata kopi 61, na wakili alituonea huruma akatutoza shilingi 2,000 kwa kila muhuri. Jumla shilingi 122,000. Zilitoka mfuko wa jamii, yaani fedha za kumzikia mtu. Sijaweka hapo gharama za stesheneri, bodaboda, na siku ambazo wenzangu waliacha samaki juani bila mwangalizi ili wanisindikize.

Kama ningeambiwa siku ile ya Februari, “Mama, lete vitu hivi tisa,” ningevileta vyote tisa kabla ya mwezi kwisha. Hata vingekuwa kumi na tisa.

2. Karatasi zinakufa zikisubiri karatasi nyingine.

Barua ya mtendaji, nimeambiwa, ikizidi miezi mitatu haikubaliki. Taarifa ya benki ikizidi mwezi mmoja haikubaliki. Kwa hiyo barua tuliyoipata Machi ikafa Juni, wakati tunahangaikia vitambulisho. Tulipopata vitambulisho, taarifa ya benki ikawa imepitwa. Tulipoileta mpya, barua ya mtendaji ikawa ndiyo inayodaiwa. Mtu anaweza kuzunguka hivi mpaka mzunguko wa kikundi uishe, nasi ndiko tunakoelekea.

Mwezi Mei tulifiwa na mwanachama mmoja. Alikuwa miongoni mwa wale 18 wa mwanzo, na ufunguo mmoja wa sanduku ulikuwa kwake. Tulimzika siku ile ile, alasiri. Wiki mbili baadaye nilipofika dirishani nikaeleza kwamba sasa tuko 62. Nilidhani nitaandika mstari mmoja, niweke sahihi, basi. Nikaambiwa orodha haifanani tena na muhtasari, na muhtasari haufanani na kopi za vitambulisho, kwa hiyo ombi lianze upya kwa kikao kipya na sahihi mpya za wote.

Niliwaita wanachama. Ukurasa wa sahihi ukapita mkono hadi mkono, ukafika mahali pa jina lake, na aliyefuata hakuweza kusaini. Kikao kiliahirishwa. Waheshimiwa, sheria haikuwataka mtufanyie hivi.

3. Tunadaiwa karatasi za kampuni.

Mwezi Julai tuliombwa hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi mwenye leseni. Hesabu zetu zipo, ziko kwenye kaunta buku nne tangu mwaka 2012, kila shilingi na jina lake, na kila mwanachama ana kijitabu chake chenye mihuri ya hisa. Ukitaka kujua kama kuna uongo, fungua sanduku siku ya kikao, hesabu, linganisha. Inachukua saa moja. Mkaguzi tuliyemuuliza bei alitaja kiasi kinachozidi faida yetu ya mwaka.

Muundo huu wa sanduku na hisa ulianza Niger mwaka 1991, na ulitengenezwa makusudi kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma. Kule mwanzo hesabu zilitunzwa vichwani: kikao kinafungwa kwa wote kutaja salio kwa sauti, kinachofuata kinafunguliwa kwa kulitaja tena kabla kufuli hazijaguswa. Sisi bado tunafanya hivyo, juu ya vitabu vyetu. Huo ni ukaguzi wa watu 62 kwa mpigo, mara mbili kwa mwezi. Sioni ni kwa nini usihesabiwe kuwa ni kitu mpaka mtu mmoja mwenye leseni aje kuutia muhuri.

Halafu kuna jambo la vidole. Wenzetu wawili hawana kitambulisho cha Taifa. Mmoja ni bibi wa miaka sabini na kitu, amekwangua magamba na kutia chumvi tangu hajaolewa. Vidole vyake vimeliwa, mashine haikusoma alama. Amerudia mara kadhaa. Si kosa lake, wala sisemi ni kosa la mwenye mashine. Lakini ombi la watu 62 halipaswi kulala kabatini kwa ajili ya vidole vya bibi mmoja, wakati mjumbe, mtendaji na mtaa mzima wanamjua kwa jina la baba na la babu.

4. Lugha.

Fomu moja tuliyopewa Aprili ilikuwa ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Mimi niliifasiri kwa wenzangu, lakini walisaini kitu ambacho hawakukisoma. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ya marekebisho ya sheria mbalimbali ilikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Fomu ya kikundi cha wauza dagaa haina sababu ya kubaki nyuma ya mahakama.

5. Amri ya mdomo.

Hili ndilo lililotuumiza kuliko yote.

Safari ya tatu, mwezi Machi, niliambiwa dirishani, “Mpaka jibu litoke msitoe mikopo mipya, mtazidi kujiingiza kwenye kosa.” Nikaomba niandikiwe. Sikuandikiwa. Nikarudi nikawaambia wenzangu kama nilivyoambiwa, maana mimi ni mtumishi wa serikali mstaafu na sijazoea kupuuza neno la ofisi. Tangu siku hiyo sanduku linapokea hisa na marejesho, halitoi.

Ninyi wenye asili ya pwani mnaujua upepo wa kusi. Kuanzia Mei bahari inachafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki wanapungua na bei mwaloni inapanda. Ndiyo miezi ambayo mama anahitaji mkopo wa laki moja au laki na nusu, abadilishe biashara kidogo, auze maandazi au machungwa, alipe ada, avuke hadi kaskazi itulize maji. Mwaka huu walikuwa na fedha zao wenyewe ndani ya sanduku lao wenyewe, na hawakuweza kuzigusa.

Walikwenda wapi? Walikwenda kausha damu. Najua saba walioniambia, walioficha siwajui. Mmoja alikopa laki mbili kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi na kuweka rehani friji anayogandishia samaki. Friji imekwenda. Sasa anauza kwa kuwahi, akifika saa nne asubuhi anatupa bei yoyote, kwa sababu samaki hawamsubiri. Huyu alikuwa mwanachama wa 58. Alikuja kwetu akiwakimbia watu hao hao.

Sheria hii ilitungwa ili kumtoa mwananchi mikononi mwa wakopeshaji wa namna hiyo. Neno moja la dirishani, lisilo na sahihi wala tarehe, limemrudisha.

Waheshimiwa, najua majibu mnayoweza kuyatoa, maana mengine nimekwisha kuyasikia.

Mtasema karatasi zinalinda watu dhidi ya matapeli. Nakubali. Nchi hii iliiona DECI, ule mchezo wa kupanda na kuvuna fedha, ikianguka mwaka 2009, na wapo watu hapa Tanga waliowahi kupanda mbegu zao kule wasivune. Lakini tapeli ndiye mwenye karatasi nzuri kuliko wote. Ana katiba iliyochapwa, ana mihuri, ana hesabu zenye jalada. Anayeshindwa na mlolongo wa mihuri ni bibi mwenye vidole vilivyoliwa.

Mtasema tungewaondoa 13 tu, mambo yakaisha. Wale 13 wa mwisho kuingia ndio maskini kuliko sisi wote, na wana hisa zao ndani. Nani atamwendea aliyekwisha kuchukuliwa friji, kisha amwambie na kikundi nacho toka? Wengine wamesema tugeuke SACCOS. Hilo ni daraja jingine lenye mzigo wake, mkubwa kuliko huu, na sisi huu mdogo tumeshindwa kuutua.

Mtasema maafisa ni wachache na maombi ni mengi. Naamini. Ila ofisa aliyenipokea mara 11 kwa ombi moja angeweza kuwapokea watu 11. Uchache wa watumishi ni sababu ya kutaka orodha.

Na mtasema nafuu si haki, ni hisani. Sawa. Lakini mwaka 2020, muda wa mpito wa sheria hii ulipokaribia kwisha, muda wenyewe uliongezwa kwa tangazo hadi tarehe 30 Aprili 2021, kwa kuwa ilionekana watoa huduma wengi hawajawa tayari. Lilikuwa jambo la busara. Hakuna aliyeambiwa alete vidole. Kama nafuu iliweza kutolewa kwa nchi nzima kwa tangazo, kikundi kimoja kinachoomba miezi kumi kinastahili angalau kujua kinadaiwa nini.

Nina mpwa wangu anayesoma uhasibu. Nilimwomba anitafutie nchi nyingine wanafanyaje mtu akiomba alegezewe sharti la fedha. Sidai tuige ya Marekani, masoko yao na sanduku letu ni mbingu na ardhi. Ila alinisomea kitu kikanikaa. Tume yao inayosimamia mikataba ya kuuziana bidhaa kwa siku za baadaye, CFTC, ina kanuni moja, Na. 140.99, inayoeleza mahali pamoja barua ya kuomba nafuu iweje. Iwe ya maandishi. Itaje nafuu inayoombwa na kifungu kinachohusika. Ieleze mambo yote ya msingi. Mwombaji athibitishe kwamba aliyoyaeleza ni kweli na kamili. Halafu aahidi kwamba jambo lolote likibadilika kabla ya jibu, atatoa taarifa upesi.

Hilo la mwisho nilimwambia mpwa wangu alirudie. Kwao, mtu akifariki ombi likiwa mezani, unaandika taarifa. Ombi linaendelea. Ule mstari mmoja niliotaka kuuandika mwezi Mei, wenzetu wameuweka ndani ya kanuni.

Akanisomea na la Uingereza. Sheria yao ya fedha ya mwaka 2000, kama ilivyorekebishwa, inamtaka msimamizi anayeombwa alegeze kanuni ajiridhishe na mambo mawili: kwamba kuifuata kanuni hiyo kutamwelemea mwombaji kupita kiasi au hakutatimiza lengo la kanuni yenyewe, na kwamba kulegeza hakutadhuru malengo ambayo msimamizi amewekwa kuyalinda. Nimekaa nikalitazama faili letu kwa macho hayo. Lina karatasi 187, nimezihesabu jana usiku. Zinazojibu mambo hayo mawili ni nne: ombi lenyewe, muhtasari, orodha ya mikopo iliyo nje na wadhamini wake, na mpango wa kugawanyika Desemba. Zilizobaki 183 hazimwambii ofisa kama tukipewa muda kuna mtu atadhurika.

Tunachoomba basi ni hiki, na nitakisema bila kuzunguka.

Toeni orodha moja ya karatasi zinazotakiwa kwa ombi la nafuu, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za mitaa na mialoni, na ofisa asiruhusiwe kudai kisichokuwamo. Orodha hiyo itofautishe kikundi cha sanduku na kampuni. Kwa daraja letu, viongozi watatu wathibitishe kwa sahihi zao kwamba maelezo ni ya kweli na kamili, wakijua kwamba wakisema uongo watashtakiwa. Mnaweza kututia hatiani kwa karatasi hiyo moja vizuri zaidi kuliko kwa mihuri 61. Asiye na kitambulisho cha Taifa kwa sababu isiyo yake atambuliwe na mtendaji.

Karatasi iliyopokelewa ikiwa hai ihesabiwe hai mpaka ombi lijibiwe. Mabadiliko yapokelewe kwa barua ya taarifa.

Jibu litoke kwa maandishi, lenye tarehe na sahihi, ndani ya siku 30. Sikuibuni namba hiyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi anayeomba taarifa siku 30 za kujibiwa, na siamini kwamba swali letu ni gumu kuliko hayo. Jibu likiwa hapana, liandikwe hapana, pamoja na sababu, ili tujue pa kukata rufaa. Zuio lolote la kukopesha nalo liandikwe. Lisipoandikwa, lisihesabiwe zuio.

Na majibu mnayoyatoa yawekwe wazi, majina yakiwa yamefichwa. Tume ya hisa na mitaji ya Marekani ilianza kuzichapisha barua zake za namna hiyo tangu mwaka 1970. Kikundi cha Pangani au Mkinga kikisoma tulichojibiwa sisi, hakitahitaji kuja dirishani kuuliza swali lile lile.

Kwa upande wetu, naongeza ombi la haraka lisilosubiri orodha wala kanuni. Turuhusuni kwa maandishi kuwakopesha wanachama tulio nao, fedha zao, hadi Desemba. Hatutaingiza mtu mpya. Mlango tumeufunga tangu Januari, na muhtasari wa uamuzi huo mnao, upo kwenye faili lenu mara mbili. Kaskazi inakuja. Wenye kununua nyavu na wenye kutengeneza chanja za kuanikia wanataka kuanza sasa, na yule wa friji anataka kuanza tena.

Jibu likija baada ya wiki ya pili ya Desemba halitatufaa, kwa sababu tutakuwa tumekwisha kugawana. Hapo tutajisajili vikundi viwili kama tulivyoahidi, na ombi letu litabaki masijala likiwa na muhuri wa kupokelewa.

Kikao chetu kijacho ni Jumamosi, saa kumi jioni, uwanjani karibu na mwalo. Mmoja wenu akipenda kuja, atakuta sanduku mezani na wenye funguo watatu wamekaa. Tutalifungua mbele yake, ahesabu mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi
Kwa niaba ya wanachama 62
Sahare, Tanga

Nakala: Wanachama wote
Ubao wa matangazo, mwaloni